Barua ya wazi kwa afisa wa chekechea Lamu: kabla fundi hajapiga msumari

Salaam aleikum Mheshimiwa,

Mimi nalea watoto wa watu hapa Langoni, mama zao wakishawaacha wanakimbilia boti za Shela kazini, na nimeona heri nikuandikie huku hadharani ili na mafundi nao wasome. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti chekechea na pia vituo vya kulelea watoto wadogo, ila watu wanakumbuka la kwanza, hili la pili wanalisahau. Siku utakapotenga chumba cha hawa wa miezi sita hadi miaka mitatu, nakuomba usinipangie madawati.

Nilishasaidia mahali fulani sipataji. Chumba rangi mpya, twiga na ndovu wamechorwa huko juu karibu na boriti, na meza zimepangwa foleni kama darasa la kwanza, sasa mtoto wa miezi minane meza aifanyie nini? Anatambaa chini yake, akiinuka kichwa ko! Na huyo twiga hajawahi kumuona, yeye anaona miguu ya viti tu.

Anza na sakafu. Saruji tupu ni ngumu na baridi, weka mkeka wa sponji unaofutika, sio zulia la kunywa mikojo. Vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti za mikoko, watu wanalalamika lakini mimi nakwambia vinafaa sana, wachanga wasiotembea unawaweka mwisho wa ndani ambako hakupiti mtu, wanaotembea huku mbele, katikati kabati fupi lisilonipita kiuno, nikikaa popote nawaona wote. Hilo kabati lifungwe kwa skrubu jamani, maana mtoto anayejifunza kusimama anashika chochote na kujivuta, likimwangukia je? Zidaka nazo, yaani vile vishubaka vya ukutani, za chini tia vichezeo, za juu dawa na sabuni. Na kichezeo kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya choo usikilete kabisa, kinaweza kumkaba.

Sasa nepi, hapa ndipo mafundi wanaponikera. Meza ya kubadilishia iwe karibu na maji, mbali na uji, na mlezi akisimama hapo uso uelekee watoto! Kila mahali wanaibandika ukutani, namfuta mmoja huku mgongo nimewapa tisa, nyuma yangu sijui nani anamng'ata nani.

Pa kulala pawe kona isiyopigwa na jua, kila mtoto na kigodoro chake na chandarua, alazwe chali, bila mto. Najua bibi zetu watanuna kwa hilo la mto, nitazungumza nao mwenyewe. Soketi ziende juu, kizingiti cha mlango kisiwe cha kumkwaza anayetembea leo mara ya kwanza, na kioo kimoja kibandikwe chini kabisa, cha plastiki kisichovunjika, utaona watakavyocheka na sura zao.

Ila usinisadiki kwa maneno. Njoo asubuhi saa tatu, vua viatu, kaa hapo chini nusu saa na uangalie chumba ukiwa kimo chao, kisha ndo umwite fundi. Kanzu nyeupe usivae, watakupaka uji.