Barua ya wazi kwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki

Mheshimiwa Kirsty Coventry,

Mwaka 2008 wewe ulikuwa mwogeleaji katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, ukaondoka na medali moja ya dhahabu na tatu za fedha. Naanza na mwaka huo kwa sababu, siku chache kabla ya ufunguzi wa Agosti 8, waandishi wa habari waliofika katika Kituo Kikuu cha Habari waliwasha kompyuta zao wakakuta tovuti ya Amnesty International haifunguki, wala kurasa zinazozungumzia Tibet na Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku China, ilhali waliahidiwa uhuru kamili wa kufanya kazi tangu Beijing ilipokuwa ikiomba uenyeji mwaka 2001.

Vizuizi vya serikali ya China vilijulikana. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Kevan Gosper, mwenyekiti wa Tume ya Habari ya Kamati, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatoa wanahabari wasiwasi, alilazimika kukiri kuwa baadhi ya maofisa wa Kamati hiyohiyo walikwisha kukubaliana na wenyeji kwamba tovuti nyeti zisizohusu michezo zizuiwe. Baadhi zilifunguliwa baada ya malalamiko kuzagaa duniani.

Nani anaamua kipi hakihusu michezo? Mwandishi akitaka kujua waliokaa pale uwanja ulipojengwa walihamishiwa wapi, au mafundi waliojenga walilipwa nini, anauliza habari za michezo hasa, na majibu mara nyingi yamo katika kurasa zilezile ambazo mwenyeji hapendi zisomwe. Usiku wa Februari 4, 2022, Olimpiki ya Majira ya Baridi ilipofunguliwa katika jiji hilohilo, Sjoerd den Daas wa televisheni ya Uholanzi, NOS, alivutwa na mlinzi akiwa hewani, watazamaji wakishuhudia. Tovuti inapozuiwa, mtazamaji haoni mkono wowote.

Kanuni ya 48 ya Hati ya Olimpiki inaibebesha Kamati wajibu wa kuhakikisha michezo inatangazwa kwa upana wote unaowezekana. Kwa hiyo naomba, kabla mkataba wa mwenyeji wa mwaka 2036 haujatiwa saini, uwekwe ndani yake kifungu kinachotaja intaneti isiyochujwa kwa kila mwandishi aliyeidhinishwa, ndani na nje ya viwanja, na kwamba ombi lolote la mwenyeji la kuzuia tovuti litangazwe siku linapowasilishwa. Nasubiri jibu lako, nalo liwe la wazi kama barua hii.

Wako kwa heshima,
Mfuatiliaji wa Michezo ya Olimpiki