Saa ya kikao cha Jumamosi imesogezwa: kozi ya msingi

Wadau, habari za jioni. Kikao sasa ni Jumamosi saa 4 asubuhi, pale pale kwa mama lishe wetu, Kinondoni.

Tunajadili kozi ya msingi (foundation) ya Chuo Kikuu Huria, kwa wale ambao alama za kidato cha sita ziligoma na bado wanautaka uhandisi. Kabla hujalipa hata senti, jua masharti ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya kuingia shahada kwa njia hii: GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya kundi lako (sanaa, sayansi au biashara). Juu ya hapo, uwe na pointi 1.5 za kidato cha sita kwa masomo mawili, au diploma yenye GPA ya 2.0. Kidato cha nne peke yake hakitoshi, hata dalali akuapie! Na chagueni kundi la sayansi. La biashara halikupeleki uhandisi.

Njooni na:
1. Kopi ya matokeo yenu
2. Sh 2,000 ya kopi za mwongozo na chai

Anayekuja aandike "nipo" hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Nisipoona jina lako, sikutolei kopi.