Paka wako mdogo analia usiku kucha? Kabla hujamgawa soma hapa

Meseji zinazoongoza kwenye namba ya duka letu lenye daktari wa mifugo siku hizi sio za viroboto wala minyoo, ni voisi. Mtu anatuma voisi ya saa nane usiku, yeye haongei, anayeongea ni paka, unasikia nyaaauuu ndefu ya kuvuta inapanda inashuka, alafu mwishoni kabisa mwenye paka anasema kwa sauti ya chini asiamshe watu, "dokta ndo hivi tangu juzi, wapangaji wenzangu washaanza kununa, nifanyeje?"

Swali letu la kwanza huwa lilelile, ni jike au dume na ana miezi mingapi, na hapo wengi wanakwama. Nyanyua mkia uangalie, jike matundu mawili yako karibu karibu, dume yana nafasi kati yake na kadri anavyokua pale katikati unaona vipumbu vinajitokeza. Ukishajua hilo nusu ya kazi imeisha maana kilio cha paka wa miezi miwili na kilio cha jike wa miezi sita ni vitu viwili tofauti kabisa, ukichanganya utahangaika bure.

Tuanze na jike maana ndio wengi. Kama kavuka miezi minne na kelele zimeanza ghafla tu, fikiria joto kwanza, yaani kipindi cha kutaka kupandwa. Wengi wanaanza miezi mitano au sita, ila wa minne tunawaona pia, yaani wewe unamuona bado katoto yeye mwenzio anatafuta mume. Anajiviringisha sakafuni, anajisugua kwenye miguu ya meza na kwenye miguu yako, chakula anagusa kidogo anaacha, na ukimpapasa mgongoni karibu na mkia anainamisha kifua chini, makalio juu, mkia anausogeza pembeni, miguu ya nyuma inakanyaga kanyaga palepale. Watu wanajua kavunjika kiuno au kalishwa sumu na jirani, wanakuja mbio mbio jasho linawatoka, dokta anamgusa mgongo mara moja tu paka anaweka hilo pozi mezani mbele ya watu wote. Hana ugonjwa huyo. Wala sio uchawi, najua kuna bibi au jirani atakwambia paka akilia usiku hivyo kuna nuksi inakuja kwenye nyumba, mwambie inayokuja ni mimba.

Joto lenyewe linakaa kama wiki hivi, anatulia, unashukuru Mungu, alafu baada ya wiki mbili tatu anaanza upya kama hajapandwa. Na kwetu huku hamna cha msimu. Kule Ulaya paka wengi wanapumzika miezi ya baridi kwa sababu mchana unakuwa mfupi na mwili wa paka jike unafuata urefu wa mchana, sasa Dar mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima, kwaiyo anaweza kuzunguka na joto Januari mpaka Disemba. Ukimfungulia mlango akatoka ni kama miezi miwili una watoto ndani, na anaweza kushika mimba nyingine hata bado ananyonyesha.

Dawa ya kudumu hapo ni kumfunga kizazi, sioni sababu ya kuzunguka. Anaweza kufanyiwa kuanzia miezi minne kama uzito unaruhusu na afya iko sawa. Kuna imani kwamba lazima azae mara moja kwanza ndio awe na afya nzuri, hakuna faida yoyote hapo, tena akifungwa mapema, kabla ya kufika mwaka, hatari ya kupata uvimbe wa matiti ukubwani inapungua sana. Ambacho hatutaki kabisa kusikia ni mtu kampa paka vidonge vya uzazi wa mpango vya mama watoto. Homoni zile zinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti, na akifika hapo operesheni inakuwa ya kuokoa maisha, sio ya kuzuia kelele tena, na gharama yake utaiona.

Dume naye akibalehe analia, hasa kama kuna jike kwenye joto nyumba ya tatu huko, anazunguka dirishani, anakojolea ukuta na pazia, harufu yake haitoki hata ukipiga dettol. Kuhasi kunasaidia sana na kwa dume ni operesheni ndogo. Lakini kuna kilio cha dume ambacho hakisubiri kesho: akiwa anaenda kwenye beseni la mchanga kila saa, anachuchumaa, analia, anajilamba huku nyuma, na mchanga mkavu au una tone moja tu. Huyo njia ya mkojo imeziba. Usimpe maji kwa nguvu, usisubiri Jumatatu, siku moja au mbili inatosha kumuua. Mlete usiku huohuo au mpeleke kwa daktari yeyote wa mifugo aliye karibu nawe.

Sasa wale wadogo kabisa. Mtoto wa paka ambaye kachukuliwa kwa mama yake ana wiki tano sita analia kwa sababu anamwita mama, basi. Angetakiwa abaki naye walau mpaka wiki nane. Ukishapewa ndio umeshapewa, omba na kitambaa alichokuwa analalia huko, weka kwenye boksi, chupa ya maji ya uvuguvugu ifunge kwenye taulo aegemee, boksi likae chumbani kwako sio stoo. Siku chache za mwanzo kumfungia peke yake gizani ili azoee ndo unamzidishia.

Alafu njaa, hii watu hawaitaki ila tutaisema. Paka wa miezi mitatu anataka kula mara nne kwa siku, wewe unampa asubuhi na jioni, tena ugali umelowekwa na mchuzi wa samaki. Paka ni mla nyama, mwili wake unahitaji vitu vilivyomo kwenye nyama na samaki ambavyo ugali hauna, tumbo litajaa na njaa itabaki palepale. Dagaa sawa, ila loweka utoe chumvi, chemsha, na usimpe hao tu kila siku. Maziwa ya ng'ombe wengi yanawaharisha. Na akiwa na tumbo kubwa gumu, mgongo umekonda, analia hata baada ya kula, hiyo ni minyoo mpaka ithibitike vingine, wanaipata toka kwenye maziwa ya mama, kwaiyo hata paka ambaye hajawahi kutoka nje anaweza kuwa nayo.

Ikiwa tumbo limeshiba, kizazi kimefungwa, dokta kamuangalia haumwi, na bado saa kumi na moja alfajiri yuko mlangoni kwako anapiga kelele, basi umemfundisha mwenyewe. Paka wakubwa wakiwa wenyewe kwa wenyewe hawaongei nyaunyau kiivo, ile sauti ni ya mtoto kwa mama na ya paka kwa binadamu, anaitumia kwa sababu inafanya kazi. Analia, unaamka, unamwaga chakula upate kulala. Kesho analia tena na wala sio mkorofi, anakumbuka tu. Ukitaka kuvunja hiyo lazima chakula kisitoke kelele zikiwa zinaendelea, subiri anyamaze hata sekunde kumi ndio uweke bakuli, na asubuhi usimpe mara tu unapofumbua macho, nenda kapige mswaki kwanza. Nakuonya, siku za mwanzo atalia zaidi ya alivyokuwa analia, hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wanampa, na wakimpa siku hiyo wamemfundisha kwamba dawa ni kulia kwa muda mrefu. Waelewesheni na watoto na dada wa kazi, mmoja akilegeza wote mmeumia. Jioni kabla hamjalala mchezeshe robo saa na kamba yenye kitambaa mwishoni, akimbie, aruke, akamate, alafu ndio umpe mlo wa mwisho. Akishawinda na kula analala. Kumpiga au kummwagia maji hakusaidii, anajifunza kukuogopa wewe.

Ah, na kama ni mweupe wa macho ya bluu na anapiga makelele makubwa mno, piga makofi nyuma yake asikuone. Asipogeuka huenda hasikii, wengi wa rangi hiyo ni viziwi na hawajui sauti yao imefika wapi.

Kingine, Panadol hapana. Kidonge kimoja kinatosha kuua paka. Na dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka, nyingi zina permethrin, dawa ya kuua wadudu ambayo kwa paka ni sumu, atatetemeka mpaka degedege.

Dukani dokta yuko kila siku isipokuwa Jumapili, kumpima na kukushauri kwanza hakuchukui muda, operesheni za kufunga kizazi na kuhasi tunafanya kwa miadi asubuhi, ukipiga simu tutakwambia asile kuanzia saa ngapi maana wadogo hawafungi muda mrefu kama wakubwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa kama ana miezi mitatu na hajachanjwa tunaunganisha safari hiyohiyo. Mlete kwenye kikapu chenye mfuniko au kreti lililofungwa vizuri, sio kwenye begi la mgongoni zipu mpaka juu, na ukija na bodaboda funika kikapu na khanga asione magari. Voisi za usiku endeleeni kutuma, zinamsaidia dokta, ila tuwekeeni na video ya dakika moja tumuone anavyokaa wakati analia.