Saiti mira inayocheza isigandishwe kwa gundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari ya miaka iliyopita kidogo, hasa hizi Corolla, Carina, Premio, Raum, IST na Vitz zilizojaa barabarani, kuhusu saiti mira zinazocheza. Kwenye foleni yoyote ya Dar es Salaam utaziona: nyingine zimezungushiwa tepu nyeusi, nyingine zimemwagiwa supaglu mpaka plastiki imepauka, nyingine zimepigwa skrubu kutoka nje hadi kwenye bati la mlango. Nyingi kati ya hizo zilihitaji spana namba 10 na nusu saa ya utulivu.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata takriban mita 22 kila sekunde. Dereva anayetazama kioo kinachotetemeka anaona taa mbili zilizotawanyika tu. Hajui kama bodaboda iliyo nyuma imebaki pale pale au inakuja kumpita. Kwa hiyo tusilichukulie suala hili kama urembo wa gari.

Kosa la kwanza ni kuanza kutengeneza kabla ya kujua kilicholegea. Saiti mira ina sehemu tatu zinazoweza kucheza: mguu ulioshikana na mlango, kiungo kinachoiwezesha kukunjwa, na kioo chenyewe kinachokaa ndani ya kichwa, yaani lile ganda la nje. Shika mguu kwa vidole na uutikise huku ukitazama mstari unaougusa mlango. Mstari ukifunguka na kufunga, tatizo ni mguu. Mguu ukitulia, ushikilie kwa mkono mmoja na utikise kichwa kwa mwingine. Kikicheza, tatizo ni kiungo. Vyote viwili vikiwa imara, gusa kioo kwenye kona zake nne. Kinachogonga ndani kwa ndani kimeachia klipu. Jaribio hili halichukui dakika moja, lakini wengi wanaliruka na kwenda moja kwa moja kwenye gundi.

Mguu ndio unaosumbua zaidi, na ndio rahisi zaidi. Zima gari utoe ufunguo. Ndani, kwenye kona ya mbele ya dirisha, kuna kava ya plastiki ya pembetatu. Hushikwa na klipu mbili au tatu, na kwenye baadhi ya magari kuna skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo. Zungushia tepu ncha ya bisibisi bapa isikwaruze, iingize upande wa juu, vuta kava polepole kuja ndani. Kazi hii ifanyike gari likiwa limekaa juani kidogo, kwa sababu plastiki ya zamani ikipata joto hulainika na klipu hazikatiki ovyo. Kama kava ina spika ndogo, chomoa plagi yake kwanza. Kuna magari ambayo hutafika kwenye bolti bila kuvua ubao wa ndani wa mlango. Hapo tafuta skrubu za mkono wa kufungulia na za sehemu ya kuegemea mkono kabla ya kuvuta chochote.

Ukishaondoa kava utakuta bolti au nati tatu, kwa kawaida za kichwa cha milimita 10 na uzi wa M6. Kabla ya kugusa hata moja, ziba tundu la chini kwa kitambaa. Nati ikidondokea ndani ya mlango utalazimika kuvua ubao wote kuitafuta, na ukiiacha itakupigia kelele kila shimo la barabara.

Ukikuta zimelegea, zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, kila moja ikifuata mwenzake, ili mguu ukae sawasawa. Ukifika pale inapokaza yenyewe, ongeza kama robo mzunguko kwa racheti fupi. Kwa aliye na spana ya kupima nguvu, nyutoni-mita 6 hadi 8 zinatosha. Ukitumia spana ndefu na nguvu zote za mwili utapasua plastiki ya mguu au utakula uzi, na hapo kazi ya nusu saa imegeuka kuwa ya siku nzima. Kwa magari ya pwani, ambako chumvi hula chuma, nyunyizia kwanza mafuta ya kulegeza kutu na usubiri dakika 15. Bolti yenye kutu ikilazimishwa hukatika shingo.

Nati inayolegea tena baada ya wiki chache iwekewe wosha ya springi, au ibadilishwe kwa nati yenye duara la nailoni ndani. Msitumie ile gundi ya maji ya kufungia uzi wa bolti kwenye sehemu hii. Ni nzuri kwenye chuma, lakini ikimwagikia plastiki kama ABS inaweza kuifanya ipasuke nyufa ndogondogo, na mguu ukavunjika baadaye bila kuguswa na mtu.

Wakati mwingine bolti zote zimekaza na mguu bado unacheza. Hapo chomoa plagi ya waya, mtu mmoja ashike saiti mira kwa nje, fungua bolti zote na uitoe. Tazama ule mpira laini au sponji inayokaa kati ya mguu na mlango. Kwenye magari mengi ya zamani imeshasagika au mtu aliitupa. Ikikosekana, plastiki inasugua rangi, upepo unapiga mluzi, na maji ya mvua yanaingia mlangoni. Chora umbo la mguu juu ya mpira wa sponji wa milimita 3, au tyubu kuukuu ya baiskeli, kata kwa mkasi, toboa matundu ya bolti na njia ya waya. Usiweke mpira mnene ukidhani ndiyo uimara. Mguu utaelea juu yake na utaendelea kucheza hata ukikaza vipi.

Mguu uliopasuka usipakwe gundi kabla ya kuujua ni plastiki gani. Upande wa ndani mara nyingi pamechapwa herufi kati ya mishale miwili: >ABS<, >PP<, au >PA6-GF30<, yaani nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. ABS na hiyo nailoni hukubali gundi ya epoksi ya tyubu mbili, ikiwa utakwaruza kwa msasa namba 80 na kusafisha kwa spiriti. PP haishiki gundi ya kawaida. Inachomelewa kwa moto wa pasi ya solda na kijiti cha plastiki ya aina hiyo hiyo. Kwanza toboa kitundu cha milimita 2 mwisho kabisa wa ufa, usiendelee kutembea. Kisha, kwa ABS au nailoni, lalia upande wa ndani kipande cha wavu mwembamba wa chuma kinachovuka ufa, ukizamishe kwenye epoksi, uache usiku kucha. Epoksi inayojitangaza kukauka kwa dakika 5 huwa imekauka kwa kuguswa tu. Na ufa ukiwa umepita kwenye tundu la bolti, nunua mguu mwingine. Mzigo wote unakaa hapo.

Sasa nije kwenye kiungo, ambacho ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Saiti mira imetengenezwa ikunjwe ikigongwa. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya kutazamia nyuma, ina jaribio la kugonga kioo kwa pendulamu, na sababu yake ni kumlinda mtu wa nje ambaye kichwa au bega lake limekutana nacho. Mnaomwaga epoksi kwenye kiungo, au kupiga skrubu kupitia kichwa hadi kwenye mguu, mnageuza kitu kinachorudi nyuma kikawa nguzo. Mwenda kwa miguu aliye ukingoni mwa barabara ndiye atakayelipa. Na mwenye gari pia: saiti mira iliyogandishwa ikiguswa na bajaji haikunjiki, inang'oka na kuondoka na kipande cha mlango.

Riveti za kuzuia wezi zinaingia hapa hapa. Naelewa kabisa kwa nini watu wanazipiga. Wizi wa vioo upo na unauma. Lakini riveti iliyopita kwenye kiungo inafanya kosa lile lile la gundi, na drili ya fundi asiyeangalia inaweza kukata waya zinazopita katikati ya kiungo. Chora namba ya gari kwenye kioo na kwenye ganda la nje la kichwa. Kama lazima upige riveti, ziwekwe kwenye ukingo wa kichwa kushikilia kioo, mbali na mahali panapokunja.

Kabla ya kufungua kiungo cha saiti mira inayokunjwa kwa umeme, jaribu jambo moja lisilo na gharama. Saiti mira hizi zikisukumwa kwa mkono au kugongwa, meno ya ndani hutoka kwenye nafasi yake na kichwa kikawa kinalegalega kana kwamba kimevunjika. Washa ufunguo, bonyeza swichi ikunje, kisha ifungue. Mara nyingi utasikia mlio mkubwa wa kugonga, na kichwa kinakaza palepale. Usipousikia mara ya kwanza, kisukume kwa mkono mbele hadi mwisho, kirudishe, urudie swichi. Kuna watu wamenunua saiti mira nzima kwa sababu hakuna aliyewaambia hili. Mota ikisikika inazunguka na kichwa hakiendi, gia ya plastiki ndani imekatika meno, na hapo swichi haitasaidia.

Zile zinazokunjwa kwa mkono zina springi nene iliyobanwa kwenye shafti, ikishikwa chini ya mguu na nati au bati la kufunga. Yenye nati, kaza nusu mzunguko, kunja na kukunjua, upime tena. Yenye bati, iweke mguu kwenye jiliwa ukiwa umeuzungushia kitambaa, vaa miwani, kandamiza springi kabla ya kuachia bati. Springi hii ina nguvu ya kuumiza jicho. Ikiwa imechoka lakini haijakatika, wosha moja ya milimita 1 chini yake hurudisha mkazo. Mbili ni nyingi. Kichwa kitakuwa kigumu kukunja na plastiki ya mguu itapasuka. Hakikisha waya hazikubanwa na wosha, kisha paka grisi nyeupe kidogo.

Kioo kinachotetemeka peke yake kina hadithi fupi. Bonyeza upande wa chini kiingie ndani, upande wa juu utatoka na kuacha nafasi. Ingiza kijiti cha plastiki na uvute taratibu ukisikia klipu zinaachia. Draya ya nywele au kitambaa cha maji ya moto husaidia. Nyuma yake kuna waya mbili kama kioo kina joto la kukausha ukungu, zichomoe, usizivute. Klipu zikiwa nzima, rudisha kioo kwa kukandamiza katikati kwa kiganja, kamwe si pembeni. Kioo kikiwa kimebanduka kwenye bati lake la plastiki, tumia tepu ya sponji yenye gundi pande mbili au silikoni isiyo na asidi. Silikoni inayonuka siki ina asidi inayoweza kula rangi ya fedha nyuma ya kioo, na utaona madoa meusi yakianzia ukingoni. Supaglu nayo hukauka ikawa ngumu na kuvunjika kwa mtetemo.

Anayelazimika kununua ya mtumba aende na ya zamani mkononi. Alinganishe nafasi za bolti tatu, idadi ya waya kwenye plagi, na kama inakunjwa kwa umeme au la. Waya tatu ni za kusogeza kioo tu. Zikizidi, kuna joto, kukunja au taa ya kuonyesha kona. Saiti mira iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kufunga vizuri kabisa na bado kioo kisifike kwenye pembe inayomfaa dereva wa kwetu. Adai risiti, na akiona kioo kimesagwa mahali palipokuwa na namba ya gari, akiache hapo kilipo.

Mwisho wa kazi, kabla ya kurudisha kava, chomeka plagi ujaribu pande zote nne za kusogeza. Washa injini uiache iungurume bila kukanyaga mafuta, utazame kioo: hapo ndipo mtetemo wa mguu uliolegea huonekana zaidi. Kisha uendeshe kwa mwendo wa barabara kuu, mtu mwingine akiwa kiti cha pembeni akuangalizie. Namba ya gari lililo nyuma yenu ikiwa mistari tu, kava isirudi. Fungua tena uanze na mguu.

Fundi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)