Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndege Wabichi, Bei na Muhuri

Ndugu wanachama, mama zangu, kaka na dada zangu, na wazee wetu mlioketi hapo mbele, asalaam aleikum, hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, najua wengine mmevuka feri asubuhi na ile foleni ya Likoni mnaijua wenyewe, na wa Kisauni na Mtwapa nao wamekaa jam pale daraja la Nyali, kwa hivo sitazunguka sana. Hesabu za pesa mweka hazina atasoma mwenyewe nikimaliza, kopi zimebandikwa mlangoni. Mimi ntaongea kazi.

Na jambo la mwaka huu ni moja, mengine yote yanalizunguka: hawa ndege wetu wa karatasi na uji wa kubandikia, tunawauza wabichi.

Msicheke. Ndege mbichi ni yule nje anang'aa vanishi, macho yamechorwa vizuri, maashallah, lakini tumboni uji bado ni majimaji. Mteja anamtia kwenye sanduku, anasafiri naye, akifika kwao anafungua anakuta rangi imefura mapovu na shingo ina madoa meusi ya ukungu. Huyo harudi tena, na wenzake wa kazini hawaji. Mwaka huu kuna duka la hoteli moja, silitaji, lilituregeshea katoni zima la flamingo, na waliyoyasema wale watu mimi na katibu tuliyasikia tukiwa tumesimama, hata kiti hatukupewa. Nami niseme ukweli, wale flamingo niliwashika mkononi na walikuwa wazito kuliko inavofaa, duka halikutuonea.

Sababu mnaijua. Oda ilikuja masika yakianza, mzigo ulitakiwa ufike kabla ya wageni wa mwezi wa saba, na mwezi wa tano ndio mvua kubwa kuliko miezi yote hapa kwetu, kusi linavuma, nguo zenyewe zinakaa kambani zikanuka, sasa karatasi iliyolowa uji itakauka vipi kwa haraka ile? Kila mtu akaona bora apake rangi apeleke asikose pesa yake. Naelewa. Lakini mwaka ujao kusi litavuma tena, halitungoji sisi, kwa hivo kazi kubwa ya kujenga miili tuifanye kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, jua lipo na upepo ni mkavu kidogo, tuweke stoki ya miili mikavu bila rangi pale stoo, halafu masika ikija tukae ndani tupake rangi tu. Oda ikija unachagua miili iliyo tayari. Ni bora kuliko kupambana na mvua.

Wacha nirudie ya mafunzo manake nyuso zingine hapa siku ile sikuziona. Vipande vya gazeti usibandike zaidi ya matabaka matatu kwa mpigo, ngoja yakauke ndo uendelee. Rojo lile la trei za mayai zilizotwangwa usilipake nene, kama unataka tumbo kubwa jaza kwanza magazeti makavu uliyoyafinyanga na kuyafunga selotepu, au tumia puto ulitoboe baadaye ndani kubaki wazi, na uache tundu chini ya mkia hewa ipite, utaliziba mwisho kabisa. Usianike kwenye jua la saa saba. Ngozi ya juu inakauka mbio, inajikunja, inapasuka, na maji ya ndani hayana pa kutokea. Weka kivulini penye upepo, baraza inatosha, na umgeuze. Kujua kama amekauka, mguse na shavu, karatasi yenye maji inakuwa baridi kuliko hewa. Usipoamini shavu lako tumia mizani ya jikoni, mpime leo, mpime kesho, mpime kesho kutwa, uzito ukikoma kupungua basi huyo yuko tayari kwa andakoti, ile rangi ya chini. Mizani imeshanunuliwa, iko stoo, na naomba isitumike kupimia unga wa mahamri.

Halafu hii habari ya chumvi. Kuna watu wameona video wanaambiwa tia chumvi kwenye uji ndege hapati ukungu. Labda huko kwao. Chumvi inavuta maji ya hewani, na hewa yetu mnaijua, kile kichupa cha chumvi mezani kinavoganda mwezi wa sita ndio hivohivo ndani ya tumbo la ndege wako, kila siku anakunywa. Wacheni chumvi. Matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye uji ukishapoa, na gundi nyeupe ya mbao kwenye tabaka la mwisho, inatosha. Mrututu pia hapana, najua wazee wanasema unaua wadudu, na unaua kweli, lakini ni sumu na ndege hawa watoto wanawatia mdomoni.

Karatasi imekuwa shida. Zamani magazeti yaliyobaki tulikuwa tunapata kwa kilo bila kubembeleza mtu, sasa watu wanasoma habari kwenye simu, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi wa nane 2017 kila muuza bajia na viazi karai anataka gazeti hilohilo tunalolitaka sisi. Na gazeti ndio lenyewe kwa kazi hii, halina mng'aro, linanyonya uji, ukilichana kwa mkono ukingo wake unalala vizuri (makasi yanaacha ngazi, nshasema mara nyingi). Majarida yale ya karatasi laini hayafai, uji unateleza juu. Tulichofanya ni kuzungumza na mafundi wa ujenzi watuwekee mifuko ya simiti, ile kaki ni ngumu na ni nzuri sana kwa midomo na miguu, ila ikung'uteni nje na mjifunge kitambaa puani, vumbi la simiti linachoma kifua na mikono. Trei za mayai tunapata kwa wenye vibanda vya smokii na mayai pale stendi, wao wanatupa, sisi tunaloweka usiku kucha, tunachemsha, tunatwanga kwa kinu. Blenda ya chama imekufa, iko kwa fundi.

Sasa ndege wenyewe. Mwaka huu walioenda vizuri ni keremkerem, wale wekundu wanaokuja pwani wakati wa kaskazi, na mdiria, na flamingo kabla hajatuletea aibu. Jambo lililonishangaza ni bundi. Mswahili hata umpe bure hamtii bundi nyumbani mwake, ni uchuro, na mama mmoja hapa alikataa hata kukaa naye kwenye meza moja, lakini wageni wanaoenda msitu wa Arabuko-Sokoke kuangalia ndege wanamtafuta bundi wa kule kama dawa. Ni mdogo, sentimita 16 hivi, wanasayansi walimjua 1965 tu, na ana rangi mbili, kuna wa kijivu na kuna wa kutu, kwa hivo mteja akiona wako wawili anachukua wote wawili. Lakini watu hawa wa ndege wana macho jamani. Mmoja alimgeuza bundi wetu akatazama miguu, akasema huyu ana miguu ya kuku, bundi akikaa kwenye tawi anashika vidole viwili mbele viwili nyuma. Akamrudisha mezani. Na flamingo vilevile, lile linaloonekana goti linapindia nyuma manake sio goti, ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu limefichwa na manyoya, sasa sisi tulikuwa tunapindisha waya kwa mbele kama mtu amekaa kitako. Ndio sababu tulifanya ile safari ya Arabuko na tukamlipa mtu wa kutuongoza msituni, na waliolalamika kwamba ni pesa za matembezi naomba walinganishe bundi wa kabla na wa baada, wako hapo mezani.

Viumbe vya kubuni ndio furaha yangu, nisifiche. Kule Mexico City palikuwa na fundi wa karatasi akiitwa Pedro Linares, inasimuliwa kwamba 1936 aliugua sana, katika homa akaota msitu una wanyama wa ajabu, punda ana mabawa, jogoo ana pembe za ng'ombe, wote wanapiga kelele neno moja, alebrijes, alebrijes. Alipopona akawatengeneza kwa karatasi na uji, na mpaka leo familia nyingi kule zinakula kwa kazi hiyo. Niliposimulia hii kwenye mafunzo vijana wakachangamka, matokeo yake mmeyaona, pweza amevaa kofia ya vito, punda wa Lamu mwenye mabawa yaliyochorwa pindo la leso, na yule samaki mwenye miguu ya kuku ambaye mimi nilisema hatauzika na akauzika wa kwanza. Uzuri wa kiumbe cha kubuni ni kwamba hakuna mtu wa kukwambia vidole vimekosea. Na huwezi kumkuta kwenye duka la jirani, ndio muhimu zaidi, manake michongo ya mbao ya twiga na simba iko kila mahali, wale wanaotengeneza wanyama kwa kandambili kuukuu nao wana soko lao, sisi tutafute letu.

Lilikuja suala la sanamu, na ntaligusa kwa heshima. Wapo wanachama ambao nyumbani kwao au kwa ustadhi wao wameambiwa kutengeneza umbo la kiumbe chenye roho haifai. Chama hakitoi fatwa, hatuna elimu hiyo. Tulichokubaliana kwenye kamati ni kwamba hakuna atakayelazimishwa, kazi ya majahazi, vivuli vya taa, masinia na fremu za vioo inalipwa sawasawa na ya ndege, na kusema kweli wateja wa Mji wa Kale wananunua taa zaidi kuliko ndege, kwa hivo hakuna anayebebwa hapa.

Manyoya. Nimeona ndege wawili watatu wamebandikwa manyoya ya kweli na sio ya kuku. Hii ikome leo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu nyoya la ndege wa porini kuwa nyara, haijalishi umeliokota chini ya mti, mgeni wako atashikwa uwanja wa ndege na atasema alilinunua wapi. Kata karatasi, chana ukingo kama pindo, ni nzuri vilevile. Na msijaze nyasi wala mbegu ndani, wateja wa Australia wananyang'anywa mizigo kwa ajili ya vitu hivo, na hata vile vitako vya mbao visiwe na ganda la mti.

Sasa bei, nikae hapa kidogo. Mwenzetu anakaa siku nyingi na keremkerem mmoja, waya, matabaka, msasa, andakoti, rangi, vanishi, halafu losizoni, msimu wa wageni wachache, mwezi wa tano mwengine anashuka ufuoni anauza ndege wa saizi hiyohiyo kwa bob 300 ili apate unga wa jioni. Simlaumu kwa njaa. Ila mgeni yule anarudi hotelini anamwambia mwenzake, na kesho yake mwenye duka anatupigia simu anauliza mbona mimi mnaniuzia ghali. Na ukiangalia vizuri yule wa bob 300 ndiye yule mbichi, hakukaushwa, ndio maana alimaliza haraka. Bei mbovu na ukungu ni mtu na nduguye.

Na mali kauli imetuumiza. Duka linachukua mzigo, linasema tutawalipa ukiuzika, miezi inapita, ukienda unaambiwa meneja hayuko, ukirudi meneja amebadilishwa. Kamati imeamua kuanzia sasa mali kauli ni kwa duka linalolipa nusu mbele kupitia namba ya till ya chama, na karatasi ya kukabidhi imesainiwa pande zote mbili. Tutapoteza maduka mengine, ndio, tayari moja limekataa. Wacha likatae.

Kwa hivo nawaletea hoja mbili mpigie kura baada ya mweka hazina. Ya kwanza ni muhuri. Kila ndege au kiumbe apite stoo, apimwe kwenye mizani siku mbili tofauti, akiwa mkavu apigwe muhuri wa chama chini ya kitako ndo apakwe vanishi ya mwisho. Asiye na muhuri unaweza kumuuza, ni mali yako, lakini usitaje jina la chama. Ya pili ni bei ya chini kwa kila saizi, orodha ameandaa katibu, na kando yake mfuko mdogo wa losizoni, kila mauzo yakatwe kiasi kidogo, mwanachama aliyebanwa mwezi wa tano akope pale badala ya kushuka ufuoni na ndege mbichi. Kiasi gani cha kukata mtaamua nyinyi, mimi nina mawazo yangu lakini nisije nikawasukuma.

Kuna mengine madogo. Cheti cha usajili wa kikundi kiko sawa. Vijana wanaofundisha shule za msingi wikendi wanaendelea, wanahitaji brashi za zamani, mkiwa nazo leteni. Panya wamerudi stoo kwa sababu ya uji, paka anatafutwa. Na waliobakisha ada wamuone mweka hazina kabla ya kura, manake katiba inasema asiyelipa hapigi, na safari hii hatutamfumbia mtu macho.