Theluji nayo itoe ushahidi

Mhariri,

Hadithi za upelelezi mnazochapisha kwenye ukurasa wa fasihi zimeanza kuvuka bahari: jumba kubwa la mashambani Uingereza, wageni wa sikukuu, dhoruba ya theluji, maiti kwenye chumba cha vitabu. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba waandishi wengi huifanya theluji kuwa kufuli tu. Inafunga barabara, inakata simu, kisha inasahauliwa hadi polisi wafike. Theluji ina kazi kubwa kuliko hiyo. Inashika saa, na inatoa ushahidi.

Tuanze na tarehe. Kwenye nyanda za chini za Uingereza, theluji huanguka zaidi kati ya Januari na Machi kuliko Desemba, kwa hiyo Krismasi nyeupe si ya kuipachika mwaka wowote. Anayetaka hadithi isimame imara anao msimu wa baridi wa 1962 hadi 1963. Theluji ilianza tarehe 26 Desemba, na tarehe 29 na 30 ikaja dhoruba iliyoirundika kusini magharibi kwa zaidi ya mita 6 mahali pengine, ikaangusha nyaya za umeme na kutenga vijiji. Basi karamu iwe ya kuukaribisha mwaka mpya.

Mwaka huo una sheria yake, na sheria hiyo ni hazina kwa mwandishi. Sheria ya Mauaji ya 1957 ilikuwa imebakiza adhabu ya kifo kwa aina chache tu: kuua kwa bunduki au mlipuko, kuua katika wizi, kuua polisi na nyingine chache. Aliyeua kwa sumu alifungwa maisha. Aliyefyatua risasi aliweza kunyongwa. Ila yule wa sumu akimuua pia mtumishi aliyemwona, katika tukio jingine, naye anaingia kwenye hatari ya kitanzi. Hapo uamuzi wa kuua mara ya pili unapata uzito ambao hadithi nyingi hazina. Tena muuaji harithi mali ya aliyemuua, kwa hiyo anayeua kwa ajili ya urithi hana budi kuficha kwamba ni yeye.

Sasa nje ya nyumba. Ikiwa theluji inaanguka sentimita 2 kwa saa, na ndani ya alama ya kiatu imelala theluji laini ya sentimita 6, mpitaji alipita saa 3 hivi zilizopita. Upepo huvuruga hesabu hii: hujaza alama za upande mmoja, na kwingine hupeperusha theluji laini na kuiacha ile iliyoshindiliwa na kiatu imeinuka juu ya ardhi. Mpelelezi asiyejua hilo atababaika, na kubabaika kwake ni sura nzima ya hadithi. Msimpe plasta ya kawaida ya jasi achukulie umbo la kiatu, maana hutoa joto inapokuwa ngumu na kuyeyusha alama. Atumie salfa, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 115 hivi za Selsiasi. Ikimiminwa inapokaribia kuganda, hushika umbo kabla theluji haijaharibika. Magari nayo husema. Lililofika dhoruba ikiendelea, boneti ikiwa moto, huwa na tabaka la barafu chini ya theluji, kwa sababu theluji ya kwanza iliyeyuka ikaganda tena. Lililolala hapo tangu asubuhi lina theluji kavu hadi kwenye bati. Mgeni anayedai hakutoka jioni nzima hawezi kubishana na boneti yake.

Maiti ndiyo yenye utajiri zaidi, na ndipo makosa yanapozidi. Katika chumba cha kawaida, maiti ya mtu mzima aliyevaa nguo hupoteza takribani nyuzi 1 kwa saa, ingawa unene, nguo na upepo hubadilisha kiwango hicho. Kukakamaa huanzia tayani na shingoni baada ya saa 2 hadi 4, na huenea mwili mzima kufikia saa 12 hivi. Chukueni muuaji aliyemuua mzee mwenye nyumba saa sita usiku, lakini saa nne alikuwa akicheza karata mbele ya watu wote. Anazima moto wa chumba, anafungua dirisha, anaondoka. Alfajiri anarudi, analifunga na kuwasha moto. Daktari aliye miongoni mwa wageni anapima joto, anahesabu kurudi nyuma na kutangaza kwamba mzee alikufa saa nne. Lakini baridi inayoharakisha kupoa huchelewesha kukakamaa. Maiti imepoa mno, na magoti bado yanakunjika. Hesabu mbili zimegongana, na mgongano huo ndio kidokezo kikuu. Kidokezo kidogo cha kuusindikiza ni chombo cha maua kilichopasuka: maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na chumba chenye moto usiku kucha hakigandishi maji.

Baridi ina mtego mwingine. Madoa ya damu iliyotuama chini ya mwili huweza kuwa na rangi ya waridi, rangi ambayo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokanayo na moto, huileta pia dohani ikiziba. Daktari mwaminifu anaweza kukosea hapo bila mwandishi kumfanya mjinga.

Kisu cha barafu kinachoyeyuka kiachwe. Kila msomaji anakijua.

Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, aliandika mwaka 1929 kwamba mpelelezi asiwafiche wasomaji kidokezo alichokipata. Kanuni hiyo haitekelezeki bila maandalizi. Kabla ya sentensi ya kwanza, mwandishi achore ramani ya nyumba yenye kila mlango, ngazi na dirisha, kisha jedwali la kila robo saa, kutoka chakula cha jioni hadi maiti inapogunduliwa. Kila mtu awe na mstari wake, watumishi wakiwemo. Washukiwa 6 wanatosha. Theluji nayo iwe na mstari: ilianza lini, ilikatika lini, upepo ulivuma kutoka wapi.

Ombi langu kwenu ni hili: hadithi ya aina hii ikiletwa, mwandishi atakiwe kuambatanisha jedwali hilo na muswada. Mkikuta mstari wa theluji ni mtupu, mrudishieni aujaze kabla hamjachapisha.

Msomaji wenu wa hadithi za upelelezi