Kibaraza chembamba kinataka benchi, si seti ya makochi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi seremala na wenzangu tunaoishi ghorofani hapa Upanga.

Nikitazama vibaraza vya majirani naona vimejazwa seti za nje, viti vinne vya mikono na meza ya kioo katikati, wakati kibaraza chenyewe hakifiki mita 1.5 kwa upana. Mtu anapita ubavu akienda kuanika nguo, na baada ya muda viti vinakuwa vya kuwekea ndoo. Inaniuma, maana kwa joto la Januari na Februari pale ndipo penye upepo kuliko chumba chochote.

Wazee wetu walilijua hili. Baraza za nyumba za zamani za Kariakoo na Ilala zilijengwa zikagandana na ukuta, hazina miguu ya kumkwaza mtu. Kwa hiyo nilimwita fundi wa Keko aje apime kwanza ndipo aguse mbao. Amenitengenezea benchi la mninga, upana wake sentimita 40 tu, limefuata ukuta wa nyumba mwanzo hadi mwisho. Si upande wa vyuma vya kuzuia, jamani, watoto watapanda! Pa kukalia ni mfuniko. Chini naweka mikeka na jiko la mkaa. Miguu ameivalisha mpira ili maji ya masika yapite bila kuozesha mbao, na skrubu ni zisizoshika kutu, kwani upepo wa bahari huku unakula misumari ya kawaida hadi ubao unachirizika wekundu. Meza ni kibao chenye bawaba ukutani, chai ikiisha nakilaza. Wageni wakizidi natandika mkeka wa ukindu.

Mrehani na mchaichai navyo vina nafasi yao, lakini sahani za chini ya vyungu nimeziondoa. Tuliouguza dengue mwaka 2019 tunajua mbu wake anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo.

Wanaochora maghorofa mapya nawaomba benchi la zege la ukutani liwemo kwenye ramani tangu mwanzo, na sakafu iinamie tundu la maji. Nanyi mafundi, mteja akiwaletea picha ya seti kutoka kwenye simu, nendeni na futi kwake kabla ya kupokea malipo ya awali.

Mama mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam